Mwanamume Ambaye Hakunidanganya

Mwanamume niliyempenda kwa miaka kadhaa hakunidanganya hata siku moja. Nataka hilo lijulikane kwanza, kwa sababu watu wakisikia habari kama hii hutafuta mwenye makosa, na hapa hayupo. Hakuniahidi kitu. Hakunishika mkono. Hakutamka neno moja ambalo ningeweza kulipeleka mbele ya wazee nikasema, haya, sikilizeni alichoniambia. Alinijibu tu kila nilipomsalimu, kwa adabu, na mimi nikaichukua adabu ile nikaishi nayo kana kwamba ni posa.

Tulijuana kwa sababu ya sare za shule. Nafundisha biolojia kwenye sekondari moja ya mtaa wa Kamenge, na mwaka ule mkurugenzi wa shule alinituma mjini kutafuta kitambaa cha kaki cha bei nafuu kwa ajili ya wanafunzi wapya. Niliingia maduka mengi. La mwisho lilikuwa la familia ya Waarabu, watu wa asili ya Omani ambao wako Bujumbura tangu enzi za babu zao, na nyuma ya meza alikuwa yeye, mikono ya shati imekunjwa, anapima kitambaa huku akiimba chini chini. Aliniuliza nafundisha nini. Nilipomwambia, akasema hata yeye shuleni alipenda biolojia kuliko masomo yote, akaniuliza kama ni kweli moyo wa samaki una vyumba viwili tu.

"Ni kweli," nikasema.

Akacheka. "Basi samaki hana shida nyingi."

Tangu siku hiyo aliniita mwalimu, na tangu siku hiyo mimi sikuwa na amani.

Nilianza kutafuta sababu za kupita dukani. Shule ikahitaji uzi, ikahitaji vifungo, ikahitaji vitu ambavyo hakuna mtu shuleni aliyewahi kuviagiza. Baadaye familia yake ilipompa kazi ya kusimamia bohari yao kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, ambako marobota ya vitambaa huwekwa yakitoka bandarini, nikajifunza na njia ya huko pia. Mimi nakaa Nyakabiga na dada yangu mkubwa. Mtu anayetoka Kamenge kurudi Nyakabiga hana biashara yoyote Zone Industrielle, kati ya malori na vumbi na harufu ya sabuni inayotoka viwandani. Lakini mimi nilipita huko, na mkononi nilikuwa na bakuli la chakula lililofungwa kwa kitambaa.

Sisi ni Wakatoliki. Ili ale bila shaka moyoni, nilikuwa naenda Buyenzi kununua kuku aliyechinjwa na Waislamu, kisha nampika kwa viungo nilivyoelekezwa na jirani. Yeye alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Kesho yake alilirudisha limeoshwa, akasema, "Asante sana, mwalimu. Wenzangu wote wanakusifu." Mimi nilisikia kwamba nasifiwa. Sikusikia kwamba chakula changu kililiwa na wapagazi wote wa bohari.

Asubuhi nilimtumia ujumbe wa salamu kwenye simu. Jioni ujumbe ulirudi: Asante, na wewe pia. Maneno hayo niliyasoma na kuyarudia kama padri anayetafuta maana iliyofichika katika Injili. Kwa nini leo ameandika "pia"? Jana hakuandika "pia".

Dada yangu ana duka dogo mbele ya nyumba, la sukari, sabuni na makaa, na huwa hasemi sana. Lakini siku moja, nikiwa nakatakata vitunguu vya kuku huyo wa kupeleka, aliegemea mlango wa jikoni akaniangalia.

"Huyu mutu wako," alisema, "nyumba yetu anaijua?"

"Bado."

"Amekwishauliza ni wapi?"

Nikaendelea kukata vitunguu. Akasema, "Mwanaume akikutaka anakutafuta, dada yangu. Hata kama unakaa juu ya mti."

"We hujui familia zao," nikamwambia. "Mama yake hawezi kukubali Mkristo. Anajizuia kwa sababu ya mama yake."

Nililisema hilo kwa uhakika kabisa. Nilikuwa na ushahidi. Wakati mmoja, dukani, alikuwa amepumua kwa nguvu akaniambia, "Mama yangu ni mutu mugumu sana, mwalimu, hujui tu." Sentensi hiyo nilirudi nayo nyumbani kama mtu aliyeokota lulu barabarani. Kumbe hivyo! Ananipenda, ila kuna ukuta. Na ukuta una faida yake: mtu anaweza kukaa chini yake, akauegemea, akangoja miaka.

Kisha petroli ikapotea mjini. Sisi tunaiita esansi, na yeyote aliyekuwa Bujumbura miaka hii hahitaji kuelezwa. Alfajiri watu wa mitaa ya kaskazini waliteremka kwa miguu, makundi makubwa, wamevaa viatu vya kazini au wamevibeba mikononi. Basi moja likitokea, watu mia wanalikimbilia. Na kwenye kila kituo cha esansi magari yalipangana barabarani mpaka yakapotea machoni, yakangoja lori la mafuta ambalo huenda likaja leo, huenda lisije wiki nzima. Gari lisilo na mtu ndani lilipoteza nafasi yake. Kwa hiyo watu walikaa humo, wakala humo, wakasali humo.

Ijumaa moja nilikuwa bohari na bakuli langu, naye alikuwa anaongea na simu. Alikuwa anamweleza mtu kwamba gari lake liko kwenye mulongo wa esansi tangu juzi, mpagazi mmoja yumo ndani, na kesho wote wanatakiwa bandarini kupokea mzigo, na hana wa kukaa ndani ya gari. Hakuwa anaongea na mimi. Alipokata simu, nikasema, "Mi nitakaa."

"Apana, mwalimu. Utachoka."

"Sitachoka."

Akajikuna kichwa. Nilimwona anatafuta namna ya kukataa, na nikajifanya sijaona. Mwishowe akasema, "Basi mama atakuwepo na yeye. Amesema amechoka kukaa nyumbani, anataka kuona watu."

Usiku ule nilipiga pasi nguo yangu nzuri kuliko zote. Hatimaye nilikuwa naenda kukutana na ukuta wenyewe.

Ukuta ulikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani mizito na magoti mabovu, aliyevaa buibui jeusi na viatu vya michezo. Alifika na chupa ya kahawa, mfuko wa tende na redio ndogo. Nilimfungulia mlango wa abiria. Akanipita, akazunguka, akakaa kwenye usukani.

"We unajua kuendesha?" aliniuliza.

"Apana, mama."

"Basi kaa huku pembeni. Mi zamani nilikuwa naendesha kamioneti yetu mpaka Rumonge kuuza vitambaa. Mume wangu alikuwa anaogopa ile barabara."

Ili kuokoa matone ya mwisho ya mafuta, magari hayakuwashwa, yalisukumwa. Kila mulongo uliposogea, vijana walikuja nyuma ya gari letu, na yule mama, kichwa chake kikionekana kwa shida juu ya usukani, alitoa mkono dirishani na kupaza sauti: "Sukumeni, watoto wangu! Musiogope, mi niko na breki!" Watu walicheka, nami nikacheka. Aliniuliza kuhusu shule, kuhusu wazazi wangu waliokwisha kufariki, kuhusu dada yangu. Alinilisha tende. Alisikiliza majibu yangu mpaka mwisho, jambo ambalo watu wengi hawalifanyi. Nikajiambia, tazama, ananipenda, ukuta unabomoka, baada ya leo kila kitu kitakuwa sawa.

Adhuhuri ilipopita, dereva wa teksi iliyokuwa mbele yetu alikuja kuomba kahawa. Alituangalia sote wawili akatikisa kichwa kwa kutupenda.

"Madamu, we una bahati," aliniambia. "Kukaa na mama-mukwe ndani ya gari siku nzima, na munacheka! Mama yangu na mke wangu, saa moja tu ni vita."

Nilicheka. Sikumkatalia. Nilisikia utamu mpaka kooni. Dereva akaenda na kikombe chake, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mama hakucheka. Alizima redio.

"Binti yangu," alisema, "kwa nini hukumuambia kama si kweli?"

Niliangalia mikono yangu.

"Unamupenda mutoto wangu."

Hakuuliza, alisema tu. Nikaitikia, "Ndiyo, mama."

"Siku nyingi?"

"Siku nyingi sana."

"Na unangojea nini?"

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu hilo miaka yote, bila kujua ni kwa ajili ya siku hiyo. "Nakungojea wewe, mama. Ukubali. Najua mi ni Mkristo, na kwenu ni vigumu. Aliniambia we ni mtu mgumu."

Alivua miwani. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo na yamechoka. "Alisema hivyo? Juu ya nini?"

Nilifungua mdomo kumjibu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile dukani nikajilazimisha kukumbuka sentensi nzima, pamoja na iliyoitangulia na iliyofuata. "Juu ya rangi," nikasema polepole. "Alitaka kupaka duka rangi ya buluu. Ulimkatalia."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Rangi ya buluu, ndiyo, wallahi, kwa hiyo mi ni mugumu! Duka la baba yake ni jeupe, litabaki jeupe." Kisha kicheko kikaisha, naye akageuka kwenye kiti chake, kwa shida kwa sababu ya magoti, mpaka tukatazamana.

"Sikiliza. Mama wa mama yangu alikuwa Murundi wa huko milimani. Alinilea kwa Kirundi, na ndugu zake mpaka leo wanaenda misa. Mi sina mulango wa kukufungia. Nitakuambia kitu, na kama utanichukia, nichukie. Siku moja mutoto wangu alileta kuku yako nyumbani. Nikala. Nikamuuliza, huyu mwalimu anayekupikia hivi, unamutaka? Kama unamutaka sema, mi mwenyewe nitaenda kwao, mambo ya dini tutaongea. Akasema, apana, mama. Ni mutu muzuri, lakini moyo wangu hauko pale. Nikangoja. Nikamuuliza tena. Akanijibu vile vile. Nikamwambia, basi muambie. Akasema, mama, nitamuambia nini? Yeye hajaniuliza kitu."

Mbele yetu mtu alikuwa anapiga gumzo na mwenzake kuhusu mpira. Nakumbuka hilo. Nakumbuka pia kwamba nilingoja maumivu, kama mtu aliyejikata kisu anavyongoja damu, na kwamba kilichokuja kwanza hakikuwa maumivu. Kilikuwa mshangao. Nilimtazama yule mwanamke mfupi, na nikautafuta ukuta wangu kwa macho ya moyoni, huku na huko, na haukuwepo. Haukuwahi kuwepo. Miaka yote ile mlango ulikuwa wazi wakati wote, na mtu aliyekuwa upande wa pili hakutaka tu kuupita. Kitu kikubwa namna hiyo, nacho kimekaa mbele yangu muda wote, nisikione! Ningependa kueleza hofu niliyoisikia, lakini haikuwa hofu ya kitu kibaya. Ni ile anayoisikia mtu akiingia kanisa kubwa mno.

Ndipo nikalia. Mama hakunibembeleza. Alimimina kahawa akaniwekea mkononi. "Kunywa. Ina tangawizi." Alingoja ninywe. Halafu akasema, akiangalia mbele, "Mi ningependa sana uwe wangu. Ndiyo maana nimekuambia. Kama ningekuwa sikupendi, ningekuacha uendelee kupika."

Mvua ikaja ghafla, kama inavyokuja kwetu, ikatufungia ndani ya gari. Vioo vikajaa ukungu. Vijana wa kusukuma wakakimbilia chini ya mabati. Ilikuwa inapiga bati la gari kwa kelele ambayo haikuruhusu maneno, na mimi niliishukuru.

Ilipokatika, dereva wa teksi alikuwa wa kwanza kushuka. Akasimama katikati ya barabara, hasogei, anaangalia upande wa ziwa. Watu wengine wakaanza kushuka. Mama akapangusa kioo kwa kiganja, akasema, "Subhanallah." Nami nikashuka.

Milima ya Kongo ilikuwa imetoka. Kila mtu wa Bujumbura anajua iko pale ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, lakini majuma mengi inakuwa kivuli tu, au hakuna kabisa. Jioni ile, hewa ikiwa imeoshwa, ilisimama karibu mpaka mtu angedhani imevuka maji. Niliona mabonde yake moja moja. Niliona mabati ya nyumba yanameta, na moshi wa moto wa mtu fulani unapanda juu ya mteremko, na juu kabisa mawingu meupe yanamwagika kutoka kileleni kama maziwa yanayochemka. Ziwa chini yake lilikuwa la kijani kibichi. Wenye magari, wauza maji, wasukumaji, wote tulisimama na hakuna aliyetafuta simu. Nilitazama muda mrefu. Kisha nikagundua jambo moja: kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuona kitu kizuri bila kuwaza namna ya kumsimulia yeye. Na sasa nilikuwa nimetazama, na nilikuwa nimetazama peke yangu, kwa macho yangu mwenyewe.

Yeye alifika baadaye kidogo, amebebwa nyuma ya baiskeli, suruali imejaa tope, kidole gumba kimefungwa plasta. Lori la mafuta lilikuwa limekwisha kuja na sisi, tumerudi ndani ya gari, tulikuwa karibu na pampu. Nilimwona kwa mbali anashuka, na kwa mazoea nikausubiri moyo wangu uruke, kama ulivyoruka kila mara. Haukuruka. Aliyekuwa anakuja ni mtu aliyechoka, mwenye uso mzuri, anayetembea kwa kuchechemea kidogo kwa sababu kiatu chake kimelowa. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo, mtu tu.

"Poleni, poleni sana," alisema. "Mwalimu, sijui nikushukuru namna gani."

Nikashuka, nikaufunga mlango. Ndani ya gari mama alianza kuichezea redio yake kwa bidii kubwa.

"Nina swali," nikamwambia. "Nilipaswa kukuuliza zamani. Unanitaka?"

Aliniangalia. Damu ilimpanda usoni. Niliona anamtazama mama yake kupitia kioo, halafu akarudisha macho kwangu, na nitamheshimu siku zote kwa kutoyaondoa tena.

"Apana, mwalimu," alisema. "Nisamehe."

"Hujanikosea."

Na hapo nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Mabega yake yalishuka. Alipumua pumzi ndefu, kama mpagazi anapotuliwa robota. "Kila nikiona lile bakuli linakuja," alisema kwa sauti ya chini, "nilikuwa sijui namna ya kula, na sijui namna ya kukataa."

Mimi niliyedhani nampa kitu! Nilisimama pale barabarani na maji ya mvua yakipita juu ya viatu vyangu, na nikaelewa kwamba mapenzi yangu yalikuwa mzigo kwa mtu mwingine, na kwamba alikuwa ameubeba kwa upole, bila kunitupia hata siku moja. Nilimwambia, "Basi sitaleta tena." Akasema, "Asante," na asante hiyo niliisikia ilivyo, bila kuitafutia maana nyingine.

Nilimuaga mama dirishani. Alinishika shavu kwa mkono wenye harufu ya tangawizi. Kisha nikatembea mpaka Nyakabiga.

Sitasema kwamba yalikwisha siku ile. Maumivu yalikuja, ila yalichelewa. Yalinikuta siku ya nne au ya tano, nikifua nguo, na nikakaa juu ya ndoo nikalia kama mtoto. Asubuhi mkono ulienda kwenye simu wenyewe. Ilibidi nifute namba yake, na bado vidole vilikuwa vinaijua. Jambo la kunyenyekeza ni kwamba yeye hakupiga. Si kwa ubaya. Kamba niliyoishika kwa mikono miwili nilipoiachia ilianguka chini tu, kwa sababu upande wa pili hapakuwa na aliyeishika. Dada yangu hakusema kwamba aliniambia. Alinifanyia kitu kimoja: kila jioni, akifunga duka, alikuja kukaa na mimi jikoni akinisuka nywele au akichagua mchele, akaniacha ninyamaze kadiri nilivyotaka.

Kisha Jumamosi zikarudi. Sikuwa nimejua zimekwenda wapi. Zilikuwa ndefu, pana, sikujua la kufanya nazo, na kwa kukosa la kufanya nikaenda shuleni kusafisha kabati la maabara. Ndani yake, chini ya mabango ya zamani, kulikuwa na hadubini. Ilikuwepo tangu nilipoajiriwa. Nilikuwa nafundisha chembe hai kwa chaki, duara na kitone katikati, na hadubini imelala hatua chache nyuma yangu. Niliifuta lenzi, nikageuza kioo kidogo cha chini mpaka kikashika jua la dirishani, nikaweka tone la maji niliyoyachota kwenye mfereji wa nje. Nikainama.

Waliokuwemo humo siwezi kuwaeleza vizuri, ingawa ni kazi yangu. Viumbe vya kioo, vinazunguka, vinasimama, vinarudi nyuma, kimoja kina nywele pembeni zinazopiga makasia, kingine kimejaa kijani kama bustani. Kila kimoja kilikuwa na haraka zake. Kwenye tone moja la maji machafu! Jumatatu niliwapanga wanafunzi waangalie mmoja mmoja. Binti mmoja mkimya aliinama, akaruka nyuma, akapiga kelele, "Madamu, iko hai! Madamu, inaniangalia!" Darasa zima likavamia meza. Nilisimama nyuma yao nikicheka, na nikashangaa jinsi mtu anavyoweza kuwa na furaha bila kuwa anangoja kitu.

Mama yake alinitafuta mwenyewe. Alituma sauti kwenye simu, kabla ya sikukuu ya Idi, kwa ile sauti ya kuwapigia wasukumaji: "Binti yangu, we umeachana na mutoto wangu, si mimi. Idi unakuja kula kwangu. Na dada yako muje naye." Nilisita siku mbili. Dada akasema, "Mi nitaenda hata kama we hauendi. Pilau haina kosa." Tukaenda.

Nyumba ilikuwa imejaa jamaa, watoto wenye nguo mpya, sahani zinazopita juu ya vichwa. Alikuwepo, akatusalimu vizuri, na akanitambulisha kwa mchumba wake: msichana mrefu, mwenye sauti nene na kicheko cha ghafla, mfamasia. Tulikaa chumba kimoja, wanaume kwa wanawake, kwa kuwa mama aliamuru tukae hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa nimejiambia barabarani nitavumilia.

Baada ya chakula yakaletwa machungwa, haya yetu madogo ya kijani, yenye mbegu nyingi na maganda yasiyotaka kutoka. Yeye alichukua moja. Alilimenya polepole, ganda likishuka bila kukatika. Kisha akaanza kutoa mbegu, kipande kwa kipande, kwa ncha ya kisu, akiziweka pembeni ya sahani, akitoa hata zile nyuzi nyeupe. Mchumba wake alikuwa anaongea na watu wengine, hata hakumwangalia. Yeye alimwangalia. Uso wake wakati ule sikuwahi kuuona katika miaka yote niliyomfuata. Ulikuwa wazi kabisa, kama wa mtoto, na hakuwa na habari kwamba kuna mtu duniani anayemtazama.

Nilikuwa nimejiambia siku nyingi kwamba labda ni mtu baridi, kwamba labda hajui kupenda. Kumbe anajua. Anajua sana. Ujuzi wote ule ulikuwa ndani yake siku zote, umejaa, na hakuna bakuli langu wala salamu zangu za asubuhi zilizoweza kuutoa hata tone, na hakuna aliyehitaji kuutoa. Ulitoka wenyewe, juu ya chungwa. Nilisikia kwamba nimeruhusiwa kuona kitu ambacho watu hawaonyeshwi mara nyingi, na kwamba kutokuwa changu hakukipunguzii chochote.

Mama yake aliniinamia. "Unaumia?" alinong'ona.

Nilijichunguza kwa uaminifu. "Kidogo tu," nikasema. "Lakini ni kitu kizuri, mama."

"Ni kizuri," alikubali, na akanipapasa goti.

Mchumba alipogeuka akakuta sahani ya chungwa mbele yake, safi, haina hata mbegu moja, alicheka kile kicheko chake. Kisha, kwa ukarimu wa mtu asiyejua chochote, akainyanyua na kuizungusha kwa wote tuliokuwa karibu. Ilinifikia. Nikachukua kipande kimoja, nikampitishia dada yangu sahani, nikala. Chungwa lilikuwa chachu kidogo mwanzoni, kisha tamu. Upande wa pili wa chumba mtoto mmoja alimwaga soda kwenye nguo yake mpya, akaanza kulia, na nilikuwa karibu naye kuliko wengine, kwa hiyo nikainuka kwenda kutafuta kitambaa.